Shingo iliyopinda si kifo cha gitaa

Wengi wakikuta gitaa la umeme la mtumba lina shingo iliyopinda kidogo na nyuzi zimepanda juu, huliacha hapo hapo: "Limekwisha hilo." Si kweli hata kidogo. Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya aina hii mna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi. Shingo ikivutwa mbele, nati ya fimbo hukazwa kwa spana yake, robo mzunguko tu, kisha unapima tena. Kwenye Fender Telecaster, gitaa la umeme la tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, shingo imefungwa kwa skrubu, kwa hiyo hata kubadilishwa inabadilishika. Ninachokiogopa mimi ni shingo iliyojisokota, au nati iliyolika. Fumba jicho moja, chungulia shingo kutoka kichwa cha gitaa: upinde laini unarekebishika.