Cheti cha kifo kwanza, fomu ya mkopo baadaye

Kila msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, hapa Iringa hunijia vijana wa Makete na Kilolo waliofiwa na baba wangali wadogo. Nikimwomba mmoja cheti cha kifo, ananipa kibali cha mazishi kilichokunjwa hadi kuchakaa. Roho huniuma. Kwa karatasi hiyo Bodi ya Mikopo haiwezi kumhesabu kuwa yatima.

Nimewashauri wanafunzi vya kutosha kulisema hili bila kusita: wengi wanaokosa pesa wanazikosa kijijini, kabla hata ya kufungua kompyuta. Uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ulemavu, kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya maskini, kwa namba ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Usipokuwa nazo, shida yako unaijua wewe na majirani tu.

Mzee alifia nyumbani? Anzia kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie barua, kisha nenda kwa msajili wa wilaya. Cheti kikitoka bado kuna uhakiki, nao una foleni yake. Angalia na majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Sanga na cha kidato cha nne kikasema Lukas, utahitaji kiapo cha kisheria, na hicho hakipatikani kwa siku moja ukiwa unatokea Bulongwa.

Wazazi huniuliza kama pesa hizi hurudishwa. Za Bodi ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa. Msaada usiorudishwa upo pia. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalipia waliofaulu sana sayansi kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi au tiba. Kwa hiyo, mwanangu wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) au PCM (fizikia, kemia, hisabati), tafuta jina lako kwenye orodha ya Wizara ya Elimu kabla ya kukubali deni. Ulizeni na usharikani au parokiani; kuna watoto wanaosomeshwa na kanisa kimyakimya.

Wewe uliyemaliza mtihani Mei na sasa unavuna viazi nyumbani, usingoje matokeo ya Julai. Nenda kwa mtendaji wiki hii, ukiongozana na mtu mzima aliyekuwepo msibani.