Je, wazazi wakipinga, penzi huzidi kukolea?

Wengi huamini kuwa wazazi wakimkataa mchumba wa mtoto wao, ndipo penzi linapokolea. Imani hiyo ina chanzo: utafiti wa 1972 nchini Marekani, uliofuatilia jozi 140 za wapenzi na wanandoa, uliona mapenzi yakipanda kadiri wazazi walivyozidi kuingilia. Uliporudiwa kwa watu wengine mwaka 2014, mambo yalikuwa kinyume: upinzani uliambatana na mapenzi hafifu, kuaminiana kidogo na lawama zaidi.

Kinachotupoteza hasa ni kumbukumbu. Waliooana kwa ukaidi husimuliwa. Walioachana kimyakimya husahaulika. Ukitaka kupima, orodhesha wote unaowajua waliopingwa, walioachana wakiwemo, uhesabu waliodumu miaka 2, kisha ulinganishe na waliokubaliwa. Orodha ya waliodumu pekee haipimi kitu.