Jina la Mfugaji Liko Sikioni

Kila ninapofundisha kuhusu Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, swali huja mapema: mfugaji mmoja ana kulungu wangapi, yaani wale wa nchi za baridi waitwao reindeer kwa Kiingereza? Nami huwaonya wanafunzi wangu: ukijaliwa kufika Kautokeino, kaskazini mwa Norwei, usimwulize mtu hivyo. Ni sawa na kumwuliza ana pesa kiasi gani benki.

Mwenye mnyama hujulikana kwa masikio. Baba ana alama yake, mama yake, hata mtoto ana yake. Kwa desturi hutunukiwa kulungu jike siku ya ubatizo au jino la kwanza linapoota, na uzao wake ukawa wa mtoto. Alama ni mikato ya kisu kwenye masikio yote mawili.

Hutiwa kiangazi, aghalabu usiku, maana huko kaskazini jua halizami majira hayo na ubaridi huwafaa wanyama. Kundi huzunguka zizini, kila ndama akimfuata mamaye. Ujuzi wenyewe uko hapo: unasoma sikio la mama akiwa mbioni, ndipo ujue ndama ni wa nani. Tanzi hurushwa, ndama hushikwa, kisu hupita. Vile vipande vya masikio havitupwi. Huwekwa, kisha huhesabiwa ili ijulikane ndama wangapi wamepata alama.

Wasami wengi si wafugaji, niseme wazi. Wa pwani wameishi kwa uvuvi tangu zamani, na leo wengi wako mijini.

Neno lao ninalolipenda kuliko yote ni guohtun: hali ya malisho chini ya theluji, na kama mnyama anaweza kuyafikia. Kulungu hufukua theluji kwa kwato akitafuta likeni, kiumbe kidogo kama kuvu kinachoota ardhini, chakula chake cha majira ya baridi. Mvua ikinyesha wakati huo kisha ikaganda, malisho hufungwa na barafu na mnyama hukaa na njaa juu ya chakula. Dawa ni kuhama, na kuhama kunataka ardhi ya akiba.

Ndiyo maana kesi ya Fosen, eneo la Norwei wanakochunga Wasami, ilinigusa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei ilibatilisha vibali vya mitambo ya umeme wa upepo iliyojengwa kwenye malisho ya majira ya baridi, ikisema vimevunja haki ya wafugaji wa Kisami wa huko ya kuishi utamaduni wao. Mitambo ikaendelea kuzunguka. Februari 2023 vijana wa Kisami, kwa kupinga hilo, waliketi ndani ya wizara ya nishati mjini Oslo, baadhi yao wamevaa gákti, vazi lao la heshima, wameligeuza ndani nje.