Kuku wa Halali Naye Huharibika

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii Likoni, kwenye kikundi cha akina mama wanaofuga kuku na kupanda sukuma wiki kwenye magunia: "Mwalimu, kuku wetu ni wa halali, hana madhara." Mama aliyesema hivyo ndiyo kwanza amalize kumpasua kuku. Akafuta kisu kwa ncha ya leso, akavuta nyanya, akaanza kukata kachumbari kwenye ubao uleule.

Masharti ya kuchinja tunayajua: Bismillahi, kisu kikali, kukata njia ya pumzi na ya chakula. Hayo yanamhalalisha kuku. Lakini salmonela, kijidudu kinachoharisha watu, anakaa utumboni, na kisu kilichopita shingoni hakikumgusa. Na Kurani, Al-Baqara aya ya 168, haikuishia kwenye halali. Imeongeza tayyib, kilicho kizuri. Mbona tunashika neno la kwanza tu?

Ya bustani hayana ubishi mwingi. Samadi ya kuku iozeshwe kwanza ndipo itiwe kwenye gunia. Maji ya mtaroni yasifike kwenye mboga. Kuku anyimwe chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, apewe maji tu, ili utumbo uwe mtupu, na asitumbukizwe kwenye maji moto mpaka roho imetoka kabisa.

Ubishi uko kwenye kuosha. Vitabu vinasema kuku mbichi asioshwe, maana maji yanaruka na vijidudu vinasambaa jikoni. Sawa, ila ushauri huo unamfaa aliyenunua kuku aliyekwisha kusafishwa. Mama wa Likoni amemnyonyoa kuku wake mwenyewe uani. Shingoni pana damu, mbawani pamebaki manyoya. Damu iliyomwagika ni najisi, kwa hiyo nikimkataza kuosha ni kama namwambia apike najisi. Miaka ya mwanzo nilifundisha kama kitabu kinavyosema. Walininyamazia kwa heshima, wakaenda kwao wakaosha chini ya bomba, maji yakirukia bakuli la saladi.

Siku hizi nasema: kuku awe na beseni lake, maji yamiminwe polepole, chakula kilicho tayari kiwe mbali, kisha beseni, mikono na sakafu vipigwe sabuni. Je, inatosha? Bado nina wasiwasi. Lakini afadhali hivyo kuliko bomba.

Na ndimu jamani! Ndimu inakata harufu, siki vilevile. Kinachoua vijidudu ni moto: nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya paja. Kipimajoto hawana, wanatazama nyama ikiachia mfupa na maji yake yakiwa meupe. Kwa mchuzi uliotokota muda mrefu sina shaka. Kuku wa mkaani ndiye anayeninyima raha, kwa sababu ngozi huungua ilhali kwenye nyonga bado mbichi, na rangi ya nyama inadanganya hata macho yaliyozoea.

Yule mama hakukasirika nilipomshika mkono. Aliitazama ile kachumbari, akaimwaga yote. Kikundi kimetoa pesa za chama, kimenunua ubao wa pili. Nimewaambia ule wa kuku waukate pembe moja, ili hata umeme ukipotea mkono uutambue.