Shaba na kobalti za Kilembe: elektroni yenye nishati hudumu wapi?

Mezani kwangu pana jiwe la Kilembe, mgodi wa magharibi mwa Uganda. Ndani yake mna shaba, ile iliyokuwa ikisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa, na kobalti kidogo. Mlima mmoja, tabia mbili.

Mulika metali kwa leza. Elektroni humeza mwanga, ikaruka juu ya kiwango cha Fermi, mstari ambao chini yake nafasi karibu zote zimejaa. Ikiruka elektronivolti 1 (kipimo cha nishati ya elektroni), ndani ya shaba hudumu makumi ya femtosekunde; femtosekunde ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Ndani ya kobalti, chini ya 10. Kwa femtosekunde moja mwanga wenyewe husafiri mikromita 0.3 tu.

Mfikirie kijana anayerudi kijijini kutoka Kampala na pesa mfukoni. Zitakaa muda gani? Inategemea ndugu. Elektroni nayo hupoteza nishati kwa kumgawia jirani, na jirani huyo lazima apate nafasi tupu ya kuhamia. Katika shaba, umati wa elektroni za d, yaani za kundi la ndani linaloitwa d, umelala elektronivolti 2 hivi chini ya mstari. Elektronivolti 1 haiwezi kuwatoa huko, kwa hiyo wanaobisha hodi ni wachache. Katika kobalti, elektroni za d zimefika mstarini penyewe, nafasi tupu zikiwa hapohapo juu yao. Ukoo mzima uko mlangoni!

Nishati ikiongezeka maradufu, umri hupungua takribani mara nne: waombaji wameongezeka, na nafasi za kuhamia pia. Lakini ukikokotoa shaba kwa kanuni hiyo tupu, ukizihesabu elektroni huru, zile zinazozunguka metali nzima, peke yake, utapata umri mfupi mno. Wanafunzi wangu hukwama hapa kila mwaka. Zile za d zilizolala hazipokei kitu, ila hukinga: hupunguza nguvu ya msukumano kati ya elektroni nyingine.

Kobalti, kwa kuwa ni sumaku, ina upendeleo wake. Kila elektroni ina spini, usumaku wake mdogo unaoelekea upande mmoja kati ya miwili, na ndani ya sumaku upande mmoja una elektroni nyingi zaidi. Elektroni za spini ya walio wengi hudumu karibu maradufu ya zile za wachache, kama vipimo vya 1997 vilivyoonyesha.

Kupima ni kazi ya vioo, si ya saa. Mpigo wa kwanza wa leza huinua elektroni, wa pili huitoa nje ya metali ikiwa bado iko juu. Ukisogeza nyuma mikromita 0.15 kioo kinachorudisha mpigo wa pili, mpigo huo huchelewa femtosekunde 1, maana mwanga huenda na kurudi. Gari likipita nje, kioo hutikisika zaidi ya hapo.