Jiko la Zamani katika Nyumba ya Kupangisha: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wenye fleti za kupangisha mjini Mombasa na Nairobi, hasa zile zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980, hukabiliwa na swali lile lile kila mpangaji anapohama: jiko lenye kabati zilizochakaa na vigae vilivyopitwa na wakati litafanyweje bila kumaliza akiba? Ushauri unaotolewa aghalabu ni wa kuvunja na kujenga upya, na mwingi wake hauna msingi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kabati za zamani sharti zing'olewe. Ukweli ni kwamba si chache kati ya hizo zilitengenezwa kwa mbao halisi, ilhali nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo ni za chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ambazo zikishalowa huvimba na hazirudi tena katika hali yake ya awali. Kabla ya kuamua, ibonyeze ncha ya bisibisi kwenye mbao zilizo chini ya sinki, mahali ambapo uozo huanzia; isipozama, mwili wa kabati ni mzima, na kinachohitajika ni bawaba, vishikio na rangi. Pwani bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na chuma cha kawaida.

Wapo wanaosema kwamba rangi haidumu jikoni. Kwa kweli kinachoibandua ni mafuta ya kupikia yaliyoganda juu ya mbao kwa miaka mingi, ambayo fundi mwenye haraka huyapaka rangi juu yake bila kuyaondoa. Mbao zioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, zisuuzwe, ziachwe zikauke kabisa, zipigwe msasa namba 120 kisha 220, zifutwe vumbi, zipakwe praima, yaani rangi ya msingi, ndipo zipate mipako miwili myembamba ya rangi. Anayeahidi kuyamaliza yote hayo kwa siku moja ana hatua anayokusudia kuiruka. Ikumbukwe pia kwamba rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, na hugeuka upesi zaidi katika jiko lisilopata mwanga. Kwa weupe unaodumu, rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao ni bora.

Vigae navyo huhukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Kigonge kila kigae kwa sarafu: kinachotoa sauti ya uwazi kimeachana na ukuta, na hicho ndicho cha kubadilishwa. Vilivyobaki mara nyingi huhitaji tu kukwanguliwa grauti nyeusi, yaani ile inayojaza nafasi kati ya vigae, na kujazwa mpya. Hata kuweka vigae vipya juu ya vya zamani kunawezekana ikiwa vya chini vimeshika imara, mradi soketi zisogezwe mbele zilingane na unene mpya wa ukuta.

Kuhusu graniti, jiwe la meza ya jikoni, husemwa kwamba huongeza kodi ya nyumba. Huenda ikaongeza, lakini hesabu ifanywe kwanza: tuseme meza ya graniti imegharimu shilingi 120,000, na kodi ikapanda kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha hizo zitarudi baada ya miezi 60, na hapo ushuru haujaguswa wala nyumba haijakaa tupu hata mwezi mmoja.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba mtungi wa gesi ukifichwa ndani ya kabati jiko huwa nadhifu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama chini, na kabati lililofungwa huihifadhi hadi cheche ya kwanza. Mtungi usimame wima mahali penye matundu ya hewa karibu na sakafu, au uwekwe nje na gesi iletwe kwa bomba. Mimi ningekata bajeti ya graniti yote kabla ya kuigusa ile ya usalama wa gesi.

Mwisho ni imani kwamba gharama za ukarabati hupunguza ushuru kwa vyovyote vile. Nchini Kenya, mkazi mwenye mapato ya kodi za makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa, tangu Januari 2024, asilimia 7.5 ya mapato ghafi, wala hakuna gharama inayokatwa. Anayetaka gharama zake zihesabiwe anaweza kumwandikia Kamishna wa ushuru kujiondoa katika utaratibu huo na kutozwa ushuru kwa faida ya mwaka, na hata hapo matengenezo ya kilichoharibika hutendewa tofauti na uboreshaji unaoongeza thamani ya nyumba, kwa hiyo risiti ya bawaba na ile ya graniti zisichanganywe.