“Kiuno Kinaniuma, Acha Nilale Kwanza”: Tunayoambiana Kigoma Kuhusu Mgongo, na Ukweli Wake

Asubuhi mitumbwi ikishafika mwalo wa Kibirizi na dagaa wameshushwa, habari za kiuno huzisikii kwa mtu mmoja. Huyu atakwambia ni figo, yule atakwambia ni baridi la ziwani, na wa tatu, kwa uhakika wa daktari bingwa, atasema mgongo umeisha mafuta. Wote wanaumwa kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Si ugonjwa wa wavuvi na wakulima wa jembe peke yao. Karani anayeshinda kwenye kiti naye yumo.

Takriban watu tisa kati ya kumi wenye maumivu haya hawana ugonjwa mahususi unaoweza kuoneshwa kwa kipimo. Ni misuli, viungo na mishipa ya fahamu iliyopata shida, na mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki chache. Kwa kuwa kipimo hakitoi jina, kila mtu anatoa lake.

“Mgongo ukiuma, lala mpaka upone”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotugharimu kuliko yote. Mtu anashikwa kiuno Jumatatu, anapewa pole na kitanda, Jumatatu inayofuata bado yuko kitandani na sasa hata kuinuka kwenda chooni anashikiliwa.

Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wafanyakazi 186 wa Jiji la Helsinki waliokuwa wameshikwa na mgongo. Kundi moja liliambiwa lilale siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa tatu, na wa mwisho kabisa ni waliolala. Tazama pia kwamba hata waliopewa mazoezi hawakuwashinda walioendelea na maisha yao. Kwa hiyo siku zile za mwanzo, maumivu yakiwa makali, huhitaji kuanza kujikunja kwa mbinu ulizoziona kwenye simu. Inuka, tembea ndani ya uwanja, osha vyombo, keti, inuka tena.

Mgongo usiotumika hulegea misuli na hukakamaa, na hofu nayo inaongezeka: mtu anaanza kuinama kwa woga, amekaza mwili mzima, na kule kukaza kwenyewe kunauma.

Kuendelea na shughuli si kujitesa. Mama anayeanika dagaa akiwa ameinama toka alfajiri mpaka jua linachoma, si lazima aache kazi, aigawe. Ainame dakika chache, asimame, aweke viganja nyuma ya kiuno, ajirudishe nyuma taratibu mara tano au sita, kisha aendelee. Akipata kichanja kilichoinuliwa mpaka usawa wa kiuno, kazi ile ile anaifanya amesimama, na dagaa wanakuwa hawana mchanga. Hapo mgongo na mnunuzi wote wamefurahi.

Ukizidiwa ukalala kidogo, lala chali na magoti yamekunjwa, mto chini yake. Kuamka usijikurupue kwa kiuno: geuka ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono.

“Mazoezi yatakuvunja kabisa, usiguse mgongo unaouma”

Mgongo wa chini una pingili tano nene, zimeshikwa na kano na misuli mikubwa. Umeumbwa kwa kuinama, kunyooka na kubeba. Maumivu makali hayana maana kwamba kuna kitu kimekatika.

Makali ya siku za mwanzo yakipungua, au kama maumivu yamekaa miezi, mazoezi yana nafasi kubwa. Tandika mkeka. Lala chali, magoti juu, nyayo chini, kisha bana tumbo taratibu mpaka ule uwazi wa chini ya kiuno ugusane na mkeka. Hesabu tano, achia. Ukizoea, kutoka mkao huo huo inua makalio mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, kisha shuka polepole; hilo huitwa daraja. Halafu piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kubonyea, badilisha. Mara nane mpaka kumi kila moja inatosha, siku nyingi za wiki. Hakuna zoezi moja lililothibitika kuwa mfalme wa mengine. Lililo bora ni lile utakaloendelea nalo mwezi ujao.

Kuna la kulala kifudifudi ukijiegemeza kwenye viwiko, ambalo historia yake inachekesha. Mwaka 1956 kule Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa akalale kitandani amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja, mgonjwa akalala kifudifudi hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma. Aliporudi akategemea kumkuta amezidiwa, akamkuta anasema hajawahi kujisikia nafuu namna ile kwa wiki kadhaa. Zoezi hilo halimfai kila mtu, ila wapo linaowasaidia sana, hasa ambao kuinama ndiko kunakowaumiza.

Utajuaje kama unajiumiza? Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kesho asubuhi yametulia, endelea. Yakiteremka kutoka kiunoni kwenda pajani mpaka unyayoni, acha zoezi hilo. Yakitoka mguuni yakarudi kukusanyika kiunoni, hiyo kwa kawaida ni dalili njema, hata kama kiuno chenyewe kimeuma zaidi kidogo.

“Kutembea si mazoezi, ni kukosa nauli”

Mwaka 2024 Australia ilitoa utafiti wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo karibuni. Nusu yao walipangiwa kutembea kwa kuongeza kidogo kidogo, lengo likiwa nusu saa, siku tano kwa wiki, ndani ya miezi sita. Kwa waliotembea, muda wa kati kabla ya maumivu kurudi ulikuwa siku 208. Kwa wasiopangiwa, siku 112. Hakuna kifaa, hakuna ada.

Kigoma mjini tuna vilima, kwa hiyo anza sehemu tambarare. Kupandisha Barabara ya Lumumba kutoka stesheni mpaka Mwanga kutakuja baadaye, mapafu yakikubali. Na bodaboda wa kukutoa dukani akupeleke msikitini hatua mia mbili mbele, huyo mwache apumzike. Dereva mwenyewe naye ashuke kila akipata nafasi, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kubadilisha mkao kunachosha mgongo hata kama umekaa wima kama askari.

“Ni figo” na “pingili zimesagika”

Maumivu ya figo mara nyingi hukaa juu zaidi, chini ya mbavu upande mmoja, hayabadiliki sana ukijigeuza, na huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Kama kuinama na kugeuka ndiko kunakoyaamsha na kuyapunguza, huenda ni mgongo wenyewe. Ukiwa na shaka, kipimo cha mkojo ni cha haraka.

Kuhusu “mafuta kuisha”: diski zilizo kati ya pingili hupungua maji kadiri umri unavyosogea, kama mvi zinavyoingia kichwani. Mwaka 2015 uchambuzi wa picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo karatasi ikiandika “zimesagika”, hiyo peke yake si hukumu. Na supu ya makongoro haipeleki mafuta kwenye pingili. Inywewe kwa utamu wake.

“Ile sindano ya mgongo ya uzazi ndiyo iliyoniharibu”

Wanawake wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaamini hivi, na hofu hiyo humfanya mwenzao akatae ganzi. Pale sindano ilipoingia panaweza kuuma siku chache. Lakini tafiti zilizolinganisha waliochomwa na wasiochomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya muda mrefu. Kuna sababu zilizo karibu zaidi: mimba imelegeza kano na kunyoosha misuli ya tumbo, kisha mama anainamia mtoto mchana na usiku. Wakati wa kunyonyesha, egemea, weka mto mapajani, mlete mtoto kwenye ziwa badala ya ziwa kumfuata mtoto. Mazoezi ya kubana tumbo na daraja yaliyotajwa juu yanafaa pia, mshono ukishapona na mkunga akiridhia.

Mkanda, ubao na kukanyagwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa maumivu sugu. Kulala sakafuni au juu ya ubao nako hakuna sifa kunazopewa: utafiti wa Hispania wa 2003 ulikuta godoro la ugumu wa kati linashinda godoro gumu. Kukanyagwa na mtoto huleta nafuu ya muda, ila kwa mzee mwenye mifupa dhaifu ni kumtafutia mvunjiko.

“Nyanyua kwa magoti, usiiname kamwe”

Dumu la mawese la lita 20 lina kama kilo 18. Ukilishika limekaa mbali na mwili, mgongo unafanya kazi kubwa mno, iwe umekunja magoti au la. Lisogeze mpaka liguse mwili, kisha inuka. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno na mzigo mkononi. Na kama umekaa miezi bila kubeba kitu, usianze na madumu arobaini bandarini kwa siku moja.

“Kila mgongo unahitaji mazoezi tu”

Hapana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu ikipoteza nguvu. Usichelewe pia kama maumivu yameanza baada ya kuanguka mtini au kwenye pikipiki, au kama uliwahi kuugua saratani. Na maumivu yasiyotulia hata usiku, yenye homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho mtu anaweza kukipata bila hata kukohoa. Hicho hakitaki daraja wala kuchuliwa. Kinataka kipimo na dawa, na dawa za kifua kikuu Tanzania hutolewa bure.